Namna Mbili za Kupungua: Tangi la Matumbawe na Lugha ya Kulifundishia

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kubeba somo moja la sayansi ambalo vitabu vyake vingi ni vya Kiingereza na Kijerumani. Somo lenyewe ni utunzaji wa matumbawe katika tangi la kioo: kurudisha, kwa chombo kinachojiendesha, maji yaliyopotea kwa mvukizo, na kutilia madini ambayo matumbawe huyatumia. Mjadala umewekwa Karurumo, kituo kilichoko kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, mahali ambapo bahari ni habari ya kusimuliwa. Mwanafunzi wa Wasini au Watamu akiambiwa jambo lisilo sahihi kuhusu matumbawe ana mwamba wa kwenda kuutazama. Wa Karurumo ana maneno peke yake, na maneno hayo hayana budi kuwa sahihi.

Neno linaloleta matata ni la kila siku: kupungua. Mtunzaji hulitazama tangi asubuhi na kusema, "Maji yamepungua." Kauli hiyo haina dosari ya kisarufi, lakini haijasema lililotokea. Maji ya bahari ni maji pamoja na chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Je, kilichoondoka ni maji matupu, au ni maji na vyote vilivyomo? Jibu ndilo huamua kitakachorudishwa, na kosa hapa huua.

Mpishi yeyote wa Karurumo analo jibu jikoni. Sufuria ya githeri iliyokwisha kutiwa chumvi ikiachwa motoni bila kifuniko, mchuzi hukauka na chumvi hukolea, kwa kuwa mvuke haubebi chumvi. Mpishi huongeza maji matupu; hathubutu kuongeza maji ya chumvi. Mchuzi ukitekwa kwa upawa, hata hivyo, chumvi imeondoka pamoja nao, na maji matupu yataifanya sufuria ichujuke. Hizo ni namna mbili za kupungua ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha.

Hesabu inaonyesha uzito wa jambo. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Kwa wepesi, ichukuliwe kuwa ni kwa kila lita. Tangi la lita 200 basi lina kilo 7 za chumvi. Likipoteza lita 4 kwa siku kwa mvukizo, baada ya siku 10 zimebaki lita 160 na kilo zilezile 7, yaani karibu gramu 44 kwa lita. Mtunzaji akijaza kwa maji ya bahari, kimo kitarudi palepale na jicho litaridhika, ilhali chumvi imefika kilo 8.4, sawa na gramu 42 kwa lita. Katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, jambo hilohilo hufanywa kwa makusudi: maji ya bahari huachwa juani hadi chumvi ibaki. Mtunzaji asiyejua maana ya mvukizo anajenga bwawa la chumvi sebuleni.

Dawa yake ni maji matupu yaliyosafishwa, yakiingia kidogo kidogo. Chombo cha kazi hiyo si kigeni: ni ndugu wa boya la tangi la maji ya nyumbani. Maji yakishuka, boya hushuka, pampu ndogo huwaka na kuvuta maji kutoka ndoo ya akiba. Yakifika kimo, pampu huzima. Kiswahili husema tangi "linajijaza", na kiambishi -ji- hapa kina hila. Kinampa msomaji hisia kwamba tangi linajua linachokifanya, kumbe boya huona kimo tu, ukolezi halioni. Tangi likivuja, boya litaendelea kumimina maji matupu mahali pa maji ya chumvi, na viumbe vitadhoofika huku kimo kikiwa barabara. Boya likikwama, pampu haizimi. Ndiyo maana ndoo ya akiba yapasa kuwa ndogo, ili ajali isizidi ujazo wake.

Madini yana habari tofauti. Matumbawe hujenga mifupa ya kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ghafi, kwa kuchukua kalsiamu na bikaboneti majini. Msomaji wa mwambao anaujua mfupa huo kwa jina la jiwe: ndio uliojengea Ngome ya Yesu mwaka 1593 na nyumba za Lamu, na ndio uliochomwa tanurini kupata chokaa ya kuungia kuta. Upungufu huu haushushi kimo hata kidogo. Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalsiamu kwa lita, hivyo tangi la lita 200 lina gramu 84. Matumbawe yakijenga gramu 5 za mfupa kwa siku, huchukua gramu 2 za kalsiamu. Katika hali hiyo hakuna atakayesema "maji yamepungua", na bado kitu kimepungua.

Wajerumani walio katika ufugaji huu hutumia kiitwacho Kalkwasser, na wasemaji wa Kiingereza wakalichukua neno hilo bila kulitafsiri. Maana yake ni maji ya chokaa, basi. Kiswahili hakihitaji kuazima hapa. Chokaa safi iliyozimwa huyeyuka kiasi cha gramu 1.7 tu katika lita moja ya maji, na lita hiyo hubeba karibu gramu 0.9 za kalsiamu. Lita 2.2 kwa siku zinatosha mahitaji yaliyotajwa, na kwa kuwa tangi linapoteza lita 4, maji hayo hufidia mvukizo na madini kwa pamoja. Mpaka wake uko hapohapo: matumbawe yakihitaji zaidi ya mvukizo unavyoruhusu, njia nyingine itafutwe. Maji ya chokaa ni alkali kali, pH yake ikikaribia 12.4; huunguza macho, na yakimiminwa kwa mkupuo huua tangi zima. Hudondoshwa, hasa usiku, wakati pH ya tangi hushuka.

Kwa msingi huu inapendekezwa kuwa "kujazia" litumike kwa maji ya mvukizo pekee, na "kutilia" kwa madini. "Kuongeza" liachwe, kwani halisemi kinachoongezwa.

Zoezi la darasani halihitaji matumbawe, na ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hayaruhusiwi kung'olewa. Lita moja ya maji, gramu 35 za chumvi, beseni pana lililotiwa alama ya kimo na mizani vinatosha. Beseni liachwe juani hadi nusu ikauke, kisha kila mwanafunzi aandike aya moja kueleza kilichotokea, bila kutumia kitenzi "kupungua" pasipo kutaja kilichopungua.