Namba iwe ya biashara, si ya karani

Miongozo mingi ya kuunganisha mawasiliano ya kampuni huanzia kwenye simu ya mezani: laini ya ofisi ipo, mtambo wa kugawa simu upo, na simu ya mkononi huongezwa mwishoni. Kwa mfanyabiashara wa Kongolo, nchini Kongo, mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Simu za waya za posta, iliyokuwa OCPT na sasa SCPT, zimekufa karibu nchi nzima. Karani wa depo ya mawese Kongolo, mpokea mizigo Kabalo na muuzaji wa ndagala Kalemie wote hutegemea simu ya mfukoni. Kwa hiyo nashauri tuanze na umiliki wa namba, na mitambo ije baadaye. Mteja huhifadhi namba, hajui sisi tumenunua mashine gani. Karani akiondoka na namba iliyosajiliwa kwa jina lake, huondoka na wateja, na pengine na akaunti ya M-Pesa au Airtel Money waliyozoea kulipia. Basi sajili kadi kwa jina la kampuni, kwa hati zake za rejista ya biashara (RCCM), na uchukue mitandao miwili, ili rezo moja ikilala nyingine iwe macho.

Hatua ya pili ni kuelekeza simu. Mteja wa Kongolo anataka kujua kama magunia yake yamepakiwa kwenye treni, na simu ya Kalemie imeisha chaji. Kama mapema kwenye simu hiyo ulibonyeza *62*, namba ya mwenzako, kisha # na kupiga, simu ya mteja itamfikia mwenzako, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa na mitambo ya mtandao, wala haihitaji simu yako iwe hai. *67* ni ya wakati laini ina shughuli, *61* ya wakati hakuna anayepokea, na ##002# hufuta yote. Izime simu na ujaribu kwa laini nyingine kabla ya kuitegemea. Kumbuka pia kwamba safari ya pili ya simu hiyo hulipiwa na aliyeielekeza, hivyo ni afadhali mwenzako awe kwenye mtandao uleule. Kwa ujumbe, WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, huruhusu vifaa vinne kuunganishwa na simu kuu. Simu kuu ikae penye rezo nzuri na ifunguliwe mara kwa mara, kwani isipotumika siku 14 vifaa vingine hukatwa.

Mtaalamu ataniuliza kwa nini nisiweke mtambo kamili wa kugawa simu, wakati programu yake, Asterisk, hutolewa bure tangu 1999. Kwa ofisi ya Lubumbashi yenye meza nyingi, ninakubali. Lakini mtambo huo hutaka umeme wa kutwa na intaneti isiyoyumba; simu moja kwa mfumo wa sauti wa G.711 hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Mega zinapokwama, simu ya kawaida bado hupita. Tena aliyeanza na namba hapotezi kitu: siku atakapoweza, atachomoa kadi ileile na kuiingiza kwenye kifaa kinachounganisha GSM na mtambo, na mteja hatatambua mabadiliko yoyote.

Pingamizi zito zaidi ni la mfanyakazi: je, bosi sasa atanipigia hata usiku? Ana haki ya kuuliza. Simu ya kadi mbili hutenganisha mambo: kadi moja ya kampuni, nyingine yake, na kampuni haina neno juu ya hiyo ya pili. Saa za kufunga zikifika, *21* hupeleka kila simu kwa mwenye zamu. Zamu hiyo iandikwe na ilipwe. Bila hivyo, mfanyakazi atazima kadi ya kampuni jioni, na hakuna mtambo utakaomzuia.