SOMO LA MWEZI: KUNGOJA JIBU LA DAMU

Kusoma: Marko 5:21-43

Kabla hamjaendelea na somo hili, someni kwanza mistari hiyo ya Marko pamoja nyumbani, polepole.

Sisi wakimbizi tumezoea kungoja. Tumengoja kadi, tumengoja mgao, tumengoja jina letu libandikwe kwenye ubao. Tena tumejifunza kwamba anayeuliza sana ofisini huonekana msumbufu, basi tunakaa kimya hadi tuitwe. Lakini siku hizi katika baadhi ya nyumba zetu umeingia ungojaji mwingine. Daktari amesema anashuku saratani ya damu, sampuli imechukuliwa, rudini nyumbani msubiri majibu. Tunasema mapema na wazi: ukingoja jibu hilo kama unavyongoja kadi, unaweza kumpoteza mgonjwa.

Tuone kwanza kwa nini jibu linachelewa, maana mtu asiyeelewa hudhani amefichwa jambo. Wilaya hii ya Tororo imejulikana miaka mingi kwa malaria nyingi, hata mwishoni mwa 2014 serikali ikaanza kupulizia dawa ndani ya nyumba. Homa, damu kupungua, bandama kuvimba: hapa kwetu vyote hivyo hudhaniwa malaria kwanza, na mara nyingi ni malaria kweli. Inaweza pia kuwa kifua kikuu, au selimundu kwa mtoto. Ila kama dawa imemezwa ikaisha na homa inarudi, fizi zinatoka damu, mitoki ya shingoni imevimba bila maumivu, mtu anakonda na kulowana jasho usiku, hapo daktari ataomba picha kamili ya damu. Chembe zikionekana na kasoro, hawezi bado kutaja ugonjwa. Huenda atataka uboho, yaani ute ulio ndani ya mfupa, unaotolewa kwa sindano kwenye nyonga. Mara nyingine hukatwa na kipande kidogo cha mfupa wenyewe. Kipande hicho lazima kilainishwe kwa dawa kabla ya kukatwa vipande vyembamba kama karatasi, kisha kitiwe rangi, kisha kisomwe kwa darubini na mtaalamu. Wataalamu hao ni wachache, na sampuli nyingine husafiri hadi Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Siku zinapita bila mtu yeyote kuwa mzembe.

Tena “saratani ya damu” ni jina la magonjwa mengi. Ipo aina ya wazee ambayo daktari huweza kuiangalia tu kwa miaka bila kuipa dawa. Ipo inayotibiwa kwa vidonge vya kumeza kila siku. Na ipo ile ya watoto wetu, limfoma ya Burkitt, inayopatikana zaidi penye malaria nyingi, ambayo uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyevimba taya au tumbo asikae nyumbani kungoja wiki ijayo, wala kungoja mkesha wa Ijumaa. Ugonjwa huo ukiwahiwa huitikia dawa vizuri.

Historia ya ugonjwa huo ni ya njia hii hii yetu ya kwenda Kampala. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt, mtu mwenye kumcha Mungu, alionyeshwa pale Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akaona mwingine wa namna hiyo. Alianza kuuliza hospitali nyingine kwa barua, na mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu, yapata kilomita 16,000, akitafuta ugonjwa huo unaanzia wapi na kuishia wapi. Sampuli za watoto wa Uganda zilipelekwa kwa ndege hadi London, kwa Anthony Epstein, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ilichelewa kwa sababu ya ukungu na kutua mji mwingine. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, ikaonekana imeoza. Waliangalia hata hivyo, wakakuta chembe hai zinaelea. Kutokana na hizo kilionekana kirusi ambacho dunia nzima inakijua leo. Taarifa yake ilitolewa 1964. Mwaka 1967 ikafunguliwa Mulago ile hospitali ambayo sasa ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambako wagonjwa wetu wanapelekwa.

Sasa tumwangalie Yairo. Binti yake yu mahututi, na Yesu amekubali kwenda. Njiani Yesu anasimama kwa ajili ya mama aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga. Yairo anasimama pale. Maandiko hayatuambii alisema nini. Kila mzazi aliyekaa kwenye benchi la hospitali akiona wengine wakiitwa kabla yake anaweza kuijaza nafasi hiyo mwenyewe. Kisha watu wa nyumbani wanakuja na neno la kukatisha tamaa, na wakifika nyumbani wanakuta kilio kimeshaanza. Yesu anafanya nini? Anawatoa nje waombolezaji, anabaki na baba, mama na wanafunzi watatu. Na mwishoni anaagiza mtoto apewe chakula.

Hatuhubiri hapa kwamba kila jibu litakuwa jema. Tumezika, mnajua. Lakini tunaona katika kambi na vijiji vyetu tabia ya kuleta matanga nyumbani mtu akiwa bado anakula ugali. Majirani wanakuja na mikeka, wanaongea kwa sauti ya chini, wanamtazama mgonjwa kwa huruma, naye anasikia. Ndugu, mkifika kwenye nyumba hiyo, chukueni jerikeni mwende kisimani. Mwacheni mama yule amenye muhogo wake akiwa na nguvu, na mtoto afanye hesabu za shule. Usiku ndipo hofu inapokuwa kubwa. Basi mmoja alale karibu naye.

Kuhusu maombi, ombeni bila kuchoka. Asiwepo mtu, hata awe mchungaji, wa kumwambia mgonjwa kwamba amepona na asirudi hospitali. Hezekia aliomba kwa machozi, akaahidiwa na Bwana mwenyewe kwamba atapona, na bado Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20).

Na haya ya karatasi, ambayo wengi huyadharau. Jina la hospitalini liwe lile lile la kwenye kadi ya mkimbizi, herufi kwa herufi. Mtu aliyeandikwa Jean kwenye kadi, John hospitalini, na Yohana kwenye bahasha ya maabara, jibu lake linaweza kulala kabatini mwezi mzima. Andikeni tarehe na namba ya sampuli kwenye daftari. Mkiwa na laini ya Uganda na ya Kenya, toeni namba zote mbili. Siku mliyoambiwa ikipita, nendeni mkaulize, kwa adabu, na kesho yake tena. Mkihamishwa, kama walivyohamishwa wenzetu waliovuka mpaka kutoka Kenya mwaka 2008, wakakaa Mulanda kisha wakapelekwa Kiryandongo, iarifuni hospitali kabla ya kupanda lori, na mbebe nakala za kila karatasi. Na msimtume mtoto kuwa mkalimani wa habari ya mzazi wake. Njooni kanisani tutafute mtu mzima anayejua lugha yenu.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:
Ni nani aliyekaa karibu na Yairo pale njiani?
Katika mtaa wetu, ni nyumba gani inangoja jibu wiki hii, na nani ataambatana nao siku ya kwenda kuuliza?