Somo la Mikataba: Duka Lililoandikwa kwa Jina la Mwengine

Suali nililoulizwa mara nyingi na ndugu zetu wanaoishi Jeddah, khasa katika mtaa wa Sharafiya, ni hili: mgeni ametia mali yake dukani, lakini leseni na usajili umeandikwa kwa jina la mwenyeji. Mwenyeji hakutoa hata riyali moja. Hupokea kiasi maalumu kila mwezi, na faida yote ni ya mgeni. Jee, mkataba huu unasihi?

Jawabu: Mkataba husimama juu ya watu wawili wenye akili na hiari, ijabu na kabuli, na kitu cha halali kinachojulikana na kuweza kukabidhiwa. Samaki aliyemo baharini hauzwi. Ijabu na kabuli huwa kwa kauli, kwa maandishi, au kwa kitendo, kama achukuaye mkate na kuweka thamani yake mezani. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Saudia, iliyoanza kutumika Disemba 2023, nayo imekubali hayo.

Sasa tuutazame mkataba wa duka. Si mudharaba, kwani katika mudharaba mmoja hutoa mali na mwengine kazi, na faida hugawiwa kwa fungu, kama nusu au thuluthi. Mwenyeji huyu hakutoa mali wala kazi. Si ijara, kwani hakukodisha nyumba wala chombo. Amekodisha jina lake, na jina halikodishwi.

Mambo haya si mageni kwetu. Katika karne ya 19, Oman na Unguja, wenye mashamba ya mitende na mikarafuu waliyauza kwa bei ya khiyari, kisha wakayakodi mashamba yao wenyewe mpaka warejeshe thamani. Wanavyuoni walikhitalifiana: wako waliotazama sura ya mauzo, na wako walioona mkopo wenye riba. Mimi ni pamoja na hawa wa pili, kwani maneno yalisema mauzo na nia ilikuwa mkopo.

Katika duka, madhara huanguka juu ya dhaifu. Alinijia mjane mmoja ambaye mumewe aliendesha duka kwa miaka mingi kwa jina la mtu mwaminifu. Mume akafa, baada ya muda mfupi yule mwaminifu naye akafa. Watoto wake hawakuwa wezi: walikuta duka katika karatasi za baba yao wakaligawa kuwa ni tarika. Mjane alibaki na daftari la madeni ya wateja. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, imeamrisha deni liandikwe. Hapa kilichoandikwa kilikuwa kinyume cha kweli.

Wengine husema: tutaandika karatasi ya siri. Karatasi hiyo ukiitoa mahakamani huwa ushahidi juu yako. Sheria ya mwaka 2020 ya kupinga biashara ya kujificha imeweka kifungo kisichozidi miaka 5 na faini isiyozidi riyali milioni 5, na mgeni hufukuzwa nchini.

Mwenye uwezo na asajili biashara kwa jina lake chini ya sheria ya uwekezaji. Asiyeweza aajiriwe kwa mshahara unaojulikana. Na aliyekwisha kuingia asingojee mauti: ahisabu mali na madeni, atake ushauri wa wakili, na mkewe ayajue yote hayo angali hai.