Kufundisha Mashine kwa Kulinganisha: Vikaza Viwili vya Cheni ya Pikipiki

Utangulizi

Somo la mashine katika madarasa ya juu ya shule ya msingi aghalabu hufundishwa kwa kuorodhesha majina: wenzo, kapi, parafujo, gurudumu na ekseli. Mtoto huyakariri, huyaandika katika mtihani, kisha huyasahau. Kumbe nje ya uwanja wa shule pikipiki za abiria hupita kutwa, na katika injini zake mashine hizo hizo hushirikiana. Makala haya yanaeleza jinsi mwalimu awezavyo kutumia kifaa kimoja kidogo, yaani kikaza cha cheni ya taimingi, kuwazoeza watoto kulinganisha na kuamua kwa sababu.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Katika injini nyingi za pikipiki za mapigo manne, cheni ya taimingi huunganisha krenki na kamshafti inayofungua valvu. Krenki huzunguka mara mbili kamshafti inapozunguka mara moja. Kwa hiyo gurudumu la meno la kamshafti lina meno maradufu ya lile la krenki. Cheni huchakaa na kurefuka kidogo kidogo. Ikilegea hupiga kelele, na ikilegea mno yaweza kuruka jino. Hapo valvu hufunguka wakati usiofaa, na katika injini nyingine hugongwa na pistoni. Mwenye chombo hupoteza riziki ya siku nyingi.

Kikaza huisukuma cheni upande wake unaolegea. Kikaza cha kujikaza kina springi inayosukuma fimbo fupi. Aina nyingi zina pia meno yanayoiruhusu fimbo kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Springi ikichoka au meno yakilika, fimbo hurudi nyuma na kelele huanza. Ndiyo sababu baadhi ya waendeshaji huweka mahali pake kikaza cha mkono, ambacho ni bolti yenye nati ya kuifunga. Bolti hairudishwi na cheni. Lakini pia haisogei mbele mpaka mtu aizungushe.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze: (a) kueleza kazi ya kikaza, (b) kuonyesha tofauti ya kikaza cha kujikaza na cha mkono, (c) kusema ni kipi kinamfaa mtu fulani, na kwa nini.

Vifaa

Baiskeli moja, spana, kijiti laini, ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu, na kamba ya katani.

Hatua za kufundisha

Hatua ya kwanza. Pindua baiskeli, matairi yaangalie juu. Legeza nati za gurudumu la nyuma, lisogeze hadi cheni ilegee kidogo, kisha kaza tena. Zungusha pedali polepole kama mtu anayekwenda mbele. Waulize wanafunzi ni upande gani wa cheni unaovuta na upi unaolegea. Wataona kuwa, baiskeli ikiwa imepinduliwa, upande wa juu ndio unaolegea. Usiwaambie, wangoje waone.

Hatua ya pili. Laza kijiti juu ya upande uliolegea, ukifunge kwa mpira kwenye fremu ili kiikandamize cheni. Pedali zikiwa zimetulia, mwanafunzi ainue cheni kwa kijiti kingine kutoka chini. Mpira utakubali. Sasa badala ya mpira funga kamba kwa nguvu, na jaribio lirudiwe. Kamba itakataa.

Hatua ya tatu. Sogeza gurudumu la nyuma mbele kidogo, kana kwamba cheni imerefuka. Kijiti cha mpira kitaifuata cheni chenyewe. Cha kamba kitabaki kilipo mpaka mtu akifunge upya. Hapa ndipo kiini cha somo, na mwalimu asiharakishe.

Hatua ya nne. Zungusha pedali kinyumenyume ili watoto wasikie friwili ikilia. Waulize: kwa nini upande mmoja yazunguka bure na upande wa pili yashika? Baada ya kujibu watafahamu jinsi meno ya kikaza yanavyojaribu kuunganisha sifa mbili: kufuata kama mpira, na kukataa kurudi kama kamba.

Tahadhari

Vidole visikaribie cheni inayozunguka. Injini ya pikipiki ifunguliwe na fundi peke yake. Ukimwalika, mwombe awaeleze wanafunzi mambo mawili. Kwanza, kikaza hakitolewi injini ikiwa inanguruma, wala krenki haizungushwi kikaza kikiwa nje, kwa maana cheni yaweza kuruka jino. Pili, bolti haikazwi mpaka mwisho. Injini ya aluminiamu hutanuka ikipata moto kuliko cheni ya chuma. Cheni iliyokazwa mno ikiwa baridi itazidi kukazika, na kuila reli inayoiongoza. Mwanafunzi aliyejifunza kutanuka kwa metali atatambua somo lake la zamani.

Maswali ya kupima

1. Gurudumu la krenki lina meno 16. La kamshafti lina mangapi?
2. Dereva wa kwanza husikiliza injini yake kila asubuhi na ana spana. Wa pili huendesha mpaka chombo kizime. Kila mmoja umshauri kikaza gani? Toa sababu.

Hitimisho

Swali la pili lisisahihishwe kwa neno moja. Mwanafunzi akijibu kwamba kikaza cha mkono ni bora kwa sababu ni imara, muulize ni nani atakayekumbuka kukikaza. Akikisifu cha kujikaza, muulize mwenyewe atajuaje springi ilipochoka. Kubadili kikaza hakuondoi kazi ya kuiangalia cheni. Huihamisha kutoka kwa springi kwenda kwa mtu. Mtoto akilifahamu hilo, hata majina ya mashine akisahau, amejifunza kuuliza kila chombo kipya: kazi hii kilichoniondolea, ni nani sasa anayeifanya?