Kuvu Inayolishwa Mafuta

Ndugu mkulima, ukipita Kibera au Kawangware utaona sukuma wiki imepandwa katika magunia ya udongo mlangoni mwa nyumba. Shamba hilo la gunia lina somo hata kwetu wenye ekari.

Ndani ya mizizi ya mahindi, maharagwe na vitunguu huishi kuvu ndogo. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hupenya udongo mahali mzizi usipofika na kuuletea mmea fosfati. Mshahara wake ni sukari na mafuta. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba kuvu hii haiwezi kujitengenezea asidi za mafuta. Hupewa na mmea. Huziweka akiba katika mbegu zake, ambazo kwa hadubini huonekana zimejaa matone ya mafuta.

Lakini sukuma wiki na kabichi haziilishi. Udongo uliopandwa sukuma tupu msimu baada ya msimu huiacha na njaa, ikapungua. Basi usitie vitunguu hapo mara moja. Tangulia na maharagwe. Tena usizidishe mbolea ya chumvichumvi yenye fosfati: mmea ulioshiba haumwajiri mtumishi huyu.