Wimbo wa Shilingi Hamsini

Nilipokuwa na saiba, duka la intaneti, huko Kayole, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, kazi iliyoniingizia pesa nyingi haikuwa kuchapa barua wala kutoa nakala za vitambulisho. Ilikuwa kujaza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Makanga alileta flashi ya nganya, matatu yake ya madoido, kila Ijumaa, kijana wa shule akaja na simu ya mamake, na wote walilipa bila kubishana. Baadhi ya waliokuwa wakiimba kwenye kadi hizo waliishi mtaa wa pili. Sikumpa hata mmoja wao shilingi. Deni hilo linaniuma hadi leo, lakini kazi ile ilinionyesha jambo ambalo wasanii wengi wa Eastlands hawaliamini: watu wetu hulipia nyimbo. Pesa yao ilikuwa ikiishia mikononi mwangu kwa sababu mwenye wimbo hakuwa ameweka mahali pa kuipokea.

Basi ukitoa wimbo, panga bei kabla hujapanga video. Pendekezo langu ni shilingi 50 kwa wimbo mmoja na 100 kwa nyimbo nne au tano pamoja. Kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakuna ada. Ukiandika 120, mnunuzi anakatwa juu ya bei yako, na wengi watairudisha simu mfukoni. Afadhali zaidi uchukue namba ya Till, ile ya M-Pesa ya kupokea malipo ya biashara. Anayelipa kwa Till hakatwi kitu, jina linalotokea ni la kazi yako, na pesa ya muziki haichanganyiki na ya unga. Hapo hata albamu nzima ya shilingi 300 inauzika.

Usishuke hadi shilingi 10 kwa kuona aibu. Piga hesabu. Tuseme studio ni 5,000, kuchanganya sauti 3,000, picha ya jalada 1,000. Hiyo ni 9,000. Kwa bei ya 50 unahitaji wanunuzi 180 ndipo urudishe gharama. Kwa bei ya 10 unahitaji 900. Sasa chukua daftari uandike majina ya watu unaowajua kweli: timu ya mpira, mliosoma pamoja, vijana wa kanisani au msikitini, wateja wa kinyozi wako. Ukikwama kwenye jina la 60, punguza gharama za studio. Usipandishe bei ili watu 60 wabebe mzigo wa 180.

Hapa ndipo pagumu: mgao. Urafiki mwingi wa studio umevunjika baada ya wimbo kushika, si kabla. Andikeni kwenye karatasi siku ile ile ya kurekodi: nani alitunga maneno, nani alitengeneza biti, nani aliimba kiitikio, na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Amueni pia kama prodyuza amelipwa akamaliza, au amepunguziwa bei ya studio ili apate fungu katika mauzo. Hayo ni makubaliano mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko huleta matusi. Wekeni sahihi na namba za vitambulisho, kila mtu apige picha ya karatasi. Hakimiliki unayo tangu wimbo uliporekodiwa, hata bila cheti. Hata hivyo sajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki, kupitia mtandao, kwa sababu siku ya mvutano cheti ni ushahidi. Uliza pia huko ni chama gani kina leseni ya kukusanya mirabaha mwaka huo kabla hujajiunga na chochote.

Kuna mlango mwingine ambao wengi huingia macho yamefumba: Skiza, wimbo anaousikia anayekupigia simu. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 imeweka mgao wake wazi. Baada ya kodi, msanii au mwenye hakimiliki apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na kampuni ya katikati inayouingiza wimbo 8.5. Ukipewa mkataba, tafuta namba hizo tatu kwanza. Kama fungu la wa katikati limevimba, muulize kwa adabu amelitoa wapi, na usitie sahihi kabla hajajibu.

Kwa wasikilizaji wa ng'ambo weka bei nyingine kabisa. KMRU, mwanamuziki aliyezaliwa Nairobi, anatumia Bandcamp kuuza upya kanda za babu yake Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali pamoja na ada ya malipo, na humruhusu mnunuzi kulipa zaidi ya bei uliyoweka. Huko usiuze wimbo mmoja mmoja kwa senti, maana ada itaumeza. Uza albamu kwa dola kadhaa. Pesa hupitia PayPal, ambayo tangu 2018 unaweza kuiunganisha na M-Pesa.

Rudi mtaani. Mnunuzi akishalipa, mtumie faili kwa WhatsApp kama dokumenti. Mpe chaguo mbili: wimbo wa dakika tatu kwa ubora wa kbps 320 ni kama MB 7, kwa kbps 128 ni chini ya MB 3, na mtu wa bando la shilingi 20 ataona tofauti. Kabla ya hapo, ndani ya maelezo ya faili andika jina lako, la prodyuza, mwaka, na namba ya Till. Faili litasambazwa tu, hilo halizuiliki, lakini namba itasafiri nalo. Yuko mtu Dandora atakayeupata bure, aupende, akulipe wiki mbili baadaye.

Halafu nenda kwa mwenye saiba. Usimwendee kama polisi. Mwambie auze kwa 50, abaki na 10, akutumie 40. Kwa 10 hiyo atautangaza wimbo wako kuliko bango lolote, kwa kuwa ndiye anayeulizwa, "Boss, kuna nini kipya?" Fanya vivyo hivyo na anayejaza flashi za nganya za Buruburu na Umoja. Sharti ni moja: 40 yako itumwe pale pale, mteja akiwa bado amesimama kaunta. Ikingoja jioni, itakuwa imeshanunua tokeni za stima.