HAKI YA PUNDA ALIYECHOKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba farasi na nyumbu na punda wapate kupandwa na wawe pambo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Katika miji ya pwani, na hasa Lamu, ambako njia ni nyembamba na nyumba hukabiliana ukuta kwa ukuta, mji umejengwa juu ya mgongo wa punda. Mawe, mchanga, chokaa, boriti na magunia ya nazi yamepita juu ya shogi lake. Maadamu ana nguvu hakosi majani, kwa kuwa bwana wake anaihitaji kazi yake. Mas'ala yaliyo mazito ni ya siku ile avunjikapo mguu, au aotapo donda la mgongo lisilopona, au azeekapo. Ada ya wengi ni kumvua shogi na kumwachilia njiani, aende jaani akajitafutie, ale maganda na karatasi na mifuko ya nailoni mpaka tumbo limsokote. Wengine huona kuwa kwa kufanya hivyo wamempa uhuru, nao wameepukana na lawama. Yapasa neno hili litazamwe katika sharia.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameitaja hukumu ya wanyama katika Minhaj mwishoni mwa mlango wa nafaqa, yaani masurufu. Mahali penyewe pana maana. Ametaja masurufu ya mke, kisha ya jamaa, kisha ya mtumwa, ndipo akamtaja mnyama. Hakumweka katika mlango wa sadaka, ambayo mtu akipenda hutoa na asipopenda huacha. Amemweka pamoja na wale ambao mtu hudaiwa chakula chao.

Hukumu yenyewe ni kwamba ni wajibu wa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hakimu humlazimisha. Akiwa ni mnyama wa kuliwa, kama ng'ombe au mbuzi, mwenyewe ana njia tatu: amlishe, au amuuze, au amchinje. Akiwa si wa kuliwa, njia ni mbili tu: amlishe au amuuze. Na punda wa mjini haliwi, kwani Mtume (S.A.W.) aliiharimisha nyama yake siku ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra. Basi mlango wa kisu umefungwa. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema zaidi ya hayo, kwamba mnyama asiyeliwa haijuzu kumchinja hata kwa nia ya kumpumzisha na maumivu, wakatoa mfano wa punda kiwete. Madhehebu mengine yana maneno yao katika jambo hili, lakini watu wa pwani wengi ni Mashafii.

Yaweza kuulizwa: Je, kumwachilia akale mwenyewe si kumlisha? Jawabu ni kuwa huenda ikawa, kwa sharti. Nawawi ameeleza katika Rawdha kuwa mnyama aliyezoea kuchunga akiachiliwa mahali penye malisho na maji ya kumtosha, yatosha. Ardhi ikiwa kavu na malisho hayamtoshi, ni wajibu kumwongezea majani mpaka atosheke. Basi na atazame mwenye punda: katika mji wa mawe malisho yako wapi? Jaa si malisho.

Na wako wanaoshika Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka, wakasema kuwa kosa lake lilikuwa kumfunga, na punda huyu hakufungwa. Hoja hii ni dhaifu. Mwanamke yule alilaumiwa kwa mambo mawili: hakumlisha, wala hakumwacha ale wadudu wa ardhi. Paka akiachwa huwinda. Punda aliyelelewa kwa mkono wa mtu tangu udogo wake, kisha akamalizwa nguvu kwa kazi, atawinda nini? Kumwachia njia iliyo tupu ni sawa na kumfungia mlango.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, na ngamia aliyekuwamo akatokwa na machozi alipomwona. Mtume akamfuta nyuma ya masikio mpaka akatulia, akamwita mwenyewe, akamwambia amche Mwenyezi Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, kwani mnyama huyo ameshtaki kuwa anashindishwa na njaa na kuchoshwa. Ngamia yule alikuwa bado yu kazini. Huyu asiye na kazi tena, Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), amemtaja wazi katika Qawaid al-Ahkam: katika haki za mnyama juu ya mtu ni kumpa masurufu hata akizeeka au akiugua ugonjwa wa kumfanya asiwe na manufaa tena.

Imebaki njia ya kuuza, nayo siku hizi ina hatari isiyokuwako zamani za Nawawi. Zamani aliyenunua punda alitaka kumpanda au kumpakia. Leo yuko anayemtaka kwa ngozi, ichemshwe Uchina ifanywe dawa iitwayo ejiao. Kenya machinjio ya biashara hiyo yalifunguliwa kuanzia mwaka 2016. Serikali ikayakataza mwaka 2020, mahakama ikaibatilisha amri hiyo mwaka 2021. Na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara hiyo barani. Kwa Muislamu jambo liko wazi kabla ya hayo yote. Wanavyuoni wamesema kumwuzia zabibu mtu ajulikanaye, au adhaniwaye sana, kuwa atazikamua pombe ni haramu. Anayemwuza punda wake mkongwe kwa mtu ambaye yajulikana kuwa atamchinja, hali yake ni kama hiyo, na bei aipokeayo na aitazame.

Itasemwa tena: Hakimu wa kumlazimisha mtu yuko wapi, hali kadhi wa Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, hukumu yake ni katika mambo ya nikaha, talaka, mirathi na hali za watu? Kweli, mambo ya punda hayaendi kwa kadhi. Lakini sheria ya nchi, Sura ya 360, imekataza kumpiga mnyama kwa ukatili, kumpakia kupita kiasi, kumnyima chakula na maji, na kumtumikisha akiwa mgonjwa au ana jeraha. Na Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2008. Mwenye kuogopa faini ya serikali asiogope haki ya Mola wake, huyo hesabu yake imepinduka.

Tangu mwaka 1987 iko Lamu hospitali ya punda, iliyoanzishwa na jumuiya ya Kiingereza, nayo hutibu bila malipo. Watu hao wanastahili shukrani, wala si aibu kupokea msaada. Aibu ni mtu aliyesoma Minhaj msikitini kumpita punda wake mwenyewe aliyelala ukutani pa msikiti huo huo, asimtambue.

Na ikiwa mwenyewe ni fakiri wa kweli, asiyekuwa na kitu? Fuqahaa hawakumwacha. Punda akiweza kazi ndogo, atakodishwa kwa kadiri ya nguvu zake, na ujira uwe chakula chake. Asipoweza, na mnunuzi mwema asipopatikana, chakula chake ni juu ya baitulmali. Na isipokuwako baitulmali, ni juu ya Waislamu wenye uwezo wa mji ule. Furushi la majani kwa siku na ndoo ya maji, vikigawanywa baina ya watu wa mtaa mmoja, havimlemei mtu.